Muhuri wa Athuman Kwenye Kitabu cha Mama Amondi

Mimi Athuman ni fundi magari hapa Tarime, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na ukiniuliza gari gani lilinitia aibu nitakwambia bila kufikiri: lile jekundu la Mama Amondi. Usinicheke kwanza. Ngoja nimalize, ndipo ucheke, utakuwa na haki yako.

Mama Amondi jina lake ni Selestina. Alikuwa na duara, yaani shimo la dhahabu, kule Nyakunguru, alilochimba na wadogo zake miaka minne wakiambulia vumbi tu. Mwaka ule watu walipokuwa wanamiminika huko kutoka kila upande, duara lake likatema dhahabu. Wengine wakipata hujenga, wengine huoa. Yeye alikwenda Dar es Salaam akarudi na gari la spoti, jipya kabisa, milango miwili, limelala chini mpaka mbuzi angelichungulia kwa juu. Kwenye kila tuta lilikuwa linaburuza tumbo. Hakujali. "Maisha yangu yote nimepanda nyuma ya malori," aliniambia, "acha na mimi nikae mbele."

Gari lilikuja na ofa. Kwa miaka mitatu kampuni italifanyia sevisi bure: kumwaga oili, kubadilisha filta, kukagua breki, kila baada ya kilomita kadhaa. Yeye kazi yake ni kulifikisha Mwanza tu, kwenye tawi lao. Kulikuwa na kitabu kidogo chenye vyumba, na kila sevisi wanagonga muhuri chumba kimoja. Mihuri ikiwa kamili, injini ikifa ndani ya miaka hiyo wanakupa nyingine. Alinionyesha kitabu hicho huku anacheka, na hapo ndipo shetani akanipitia.

Roho iliniuma. Mji mzima unajua fundi ni mimi, halafu gari zuri kuliko yote wilayani linanipita hivi hivi kwenda kushikwa na watu wa Mwanza! Nikamwambia, "Mama Amondi, wewe ni mtu mzima. Nani anakupa kitu bure siku hizi? Wale wakishafunga geti wanakunyofolea vifaa vya asili, wanakuwekea vya mitumba. Utarudi na bodi tupu."

Uongo mtupu. Sijawahi hata kufika nje ya geti lao.

"Sasa na muhuri?" akauliza.

"Kwani mimi sina muhuri?"

Ninao kweli. Alinichongea Simioni, fundi mihuri wa pale stendi, wa mviringo, una jina langu, sanduku la posta na picha ya spana. Kwetu hapa karatasi ikishagongwa muhuri, maneno yamekwisha. Mama Amondi akaridhika. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaridhika.

Nilimfanyia sevisi mara tatu na sikupokea hata shilingi, ili mtu asije akasema nilifuata pesa. Nilifuata macho ya watu. Nilikuwa nalileta gari gereji siku ya soko, watu wanajaa na simu zao, mimi nimevaa ovaroli safi najifanya siwaoni. Oili niliyoweka ni ile nzito ya malori na ya mashine za kusaga mawe. Kitabu kilitaja oili nyingine, nyepesi kama maji, nikasema hawa wanatania. Kisha nagonga muhuri, naupuliza ukauke.

Mwaka wa pili mvua zilijaza maji ndani ya duara. Bila pampu kubwa kazi imekufa, kwa hiyo Mama Amondi akaamua kuuza gari apate pampu. Mnunuzi alipatikana Sirari. Siku tatu kabla hajalichukua, injini ikaanza kugonga, halafu ikakwama kabisa. Likavutwa mpaka kwangu. Mimi nilijua papo hapo ni ile oili yangu nzito, nikajifanya nakagua betri. Yeye hakuwa na wasiwasi. "Si kuna kitabu?" akasema, akaipigia simu kampuni.

Walimtuma fundi wao, Nikolaus, mtu mpole wa maneno machache. Akanipa shikamoo, akafungua boneti, akasugua oili kati ya vidole. Akaomba kitabu. Akaweka kidole kwenye muhuri.

"Muhuri huu ni wa nani?"

Jina langu lilikuwa pale kwa wino wa bluu, mara tatu, na mimi nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Maneno nilikuwa nayo: kwamba mama alitaka kwenda Mwanza, mimi nikamtisha. Lakini wateja wangu walikuwepo, na mafundi wenzangu wameacha kazi wanasikiliza. Nikachukua kitambaa nikajifuta mikono.

Mama Amondi akaniangalia, akaona nilivyobanwa. Akamgeukia Nikolaus. "Mimi ndiye niliyemlazimisha. Nilikuwa mvivu wa safari. Huyu alinikatalia, nikamwambia agonge tu."

Nikolaus akafunga kitabu. "Basi mama, hapo hatuna namna. Ingekuwa ulidanganywa na fundi, ningeandika hivyo, na wakubwa wangeweza kukufikiria." Akanitazama. "Mzee, ndivyo ilivyokuwa?"

Mama Amondi akanigeukia na yeye. Alikuwa ananisubiri.

"Ndivyo," nikasema.

Gari liliondoka kwa bei ya vyuma chakavu, isiyotosha pampu. Duara lilichukuliwa na mtu mwenye pampu, na Mama Amondi sasa anawapikia ugali wachimbaji wa mtu huyo, pembeni ya shimo alilochimba mwenyewe. Hajawahi kunisema vibaya popote. Angenisema, angalau ningepata cha kumkasirikia.

Mwezi uliopita alikuja mgeni na gari lake linatoa moshi. Akasema ametumwa na mama mmoja anayeuza chakula Nyakunguru. "Ameniambia Tarime nzima nisimwamini mwingine ila wewe."

Nikamwambia alete funguo.