Fimbo ya Fundi Tepu

Kinyozi hajinyoi, na fundi cherehani hajipimi. Ukiinama tu kuisoma tepu miguuni, suruali imeshapanda na kipimo kimeharibika. Ndiyo maana Fundi Tepu, aliyepewa jina hilo kwa kuvaa tepu shingoni hata akienda mazikoni, alipimwa maisha yake yote na mtu mmoja tu, mkewe.

Kazi yao ilikuwa ya watu wawili. Fundi alipiga magoti mbele ya mteja, akavuta tepu, akapaza sauti bila kugeuka: "Mguu, arobaini! Mama, andika." Nyuma yake mkewe aliandika kwa chaki juu ya kitambaa chenyewe, kisha akajibu, "Haya, lete nyingine." Wateja waliuzoea wimbo huo, wengine wakawa wanauitikia kabla yake. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta.

Mke alipofariki, Fundi alifunga duka akabaki ndani na ukuta wake. Aliyemtoa ni shemeji yake, kaka wa marehemu, karani mstaafu aliyecheza gofu kwa kelele nyingi na ufundi kidogo. "Twende, shemeji, utaozea humo," alimwambia, na kwa kweli alikuwa ameshaanza.

Basi Fundi akawa mwanafunzi wa gofu uzeeni. Mipigo ya mbali haikumsumbua, maana hakuna aliyetegemea aipige vizuri. Kilichomuumbua ni ule mpigo mdogo wa mwisho, mpira uko hapa na shimo liko pale, hata mtoto angeusukuma ukaingia. Hapo ndipo mikono ilipomtetemeka. Mikono iliyokuwa ikitunga uzi kwenye sindano umeme ukikatika! Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, akaisingizia fimbo ya kuazima.

"Basi nunua yako tupumue," shemeji akasema.

Katika duka la pale kiwanjani, muuzaji alikuwa binti mwenye subira. Alimwonyesha fimbo ya kusukumia yenye kichwa kipana. "Hii inasamehe ukikosea kidogo, mzee. Na ukiivalisha mpini huu mnene wa raba, unajaza viganja, mkono hautetemeki."

"Nani anatetemeka? Huo ni mchi, binti yangu, na mimi sikuja kutwanga." Akachagua mpini mwembamba kuliko yote.

Binti akachukua tepu, apate kujua fimbo ikatwe wapi. Fundi akarudi nyuma mpaka akagonga rafu. Kipimo alikuwa nacho, kile alichopimwa na mkewe kwa ajili ya suti yake ya mwisho, na alikishika kichwani kama watu wanavyoshika jina la baba yao. Akapiga hesabu zake za kifundi, akaonyesha kwa kidole: kata hapa. Kumwacha mtu mwingine ampime kungekuwa kumzika mkewe mara ya pili, naye maziko ya kwanza yalikuwa bado hayajamtoka.

Walipocheza, fimbo ilimzidi urefu. Mpini ulimchoma tumboni, kichwa kikakwaruza majani, mpira ukaenda kusalimia wengine. Shemeji akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka, na hii yako ya karibu haiingizi hata mpira! Hebu simama wima, shemeji, tuone."

"Nimesimama."

Shemeji akamtazama vizuri, kicheko kikamwishia mdomoni. "Hapo ndiyo umesimama wima?"

Fundi akaitazama fimbo mkononi. Kazi ya kupima waliofupishwa na uzee aliijua. Wazee wangapi aliwapunguzia suruali zinazoburura, akiwadanganya kwa huruma kwamba kitambaa kimevutika? Sasa alishika chuma, na chuma hakivutiki. Yule mtu mrefu aliyepimwa na mkewe hakuwepo tena, na kipimo cha mtu huyo ndicho pekee Fundi alichokuwa bado anamtunzia marehemu.

Wakarudi kwenye duka la kiwanjani bila utani. Mvua ilikuwa imeanza. Fundi akaweka fimbo juu ya meza, akasema kwa sauti ndogo, "Nipime, binti."

"Inama kama unataka kupiga. Usijinyooshe, mzee, mimi nakutaka hivyo hivyo ulivyo."

Akainama. Binti akapiga magoti, akashusha tepu toka kwenye kifundo cha mkono wa Fundi mpaka sakafuni. Fundi aliisoma namba kabla yake, na maneno yakamponyoka yenyewe, kwa ile sauti ya dukani kwake:

"Mkono, thelathini na moja! Mama, andika."

Kisha akabaki kichwa kimeinama, akisubiri, kama alivyosubiri maisha yake yote. Shemeji, aliyekuwa akiijua vizuri sauti iliyopaswa kujibu, akageukia mlangoni akatazama mvua.

Binti alikunja tepu taratibu. "Haya," akasema, akidhani ameambiwa yeye. "Imetosha, mzee. Hakuna nyingine."

Fundi akajiinua kwa kushika ukingo wa meza, akauliza kama ule mpini mnene bado upo.