Siku Mama Alipomtafuta Odilia Sokoni

Harufu ya dagaa wakavu ikichanganyika na moshi wa mabasi hunitoa jasho viganjani hadi leo. Nikiipata popote, macho yangu huanza yenyewe kutafuta mtoto. Msimu ule tulikuwa tumehama Ngara na kufungua shamba Nyantakara, na mara kwa mara mama alituchukua, mimi na mdogo wangu Odilia wa miaka mitatu, hadi sokoni Biharamulo. Nyumbani tulizungumza Kihangaza. Kwa wengine wote ilibidi Kiswahili, na mama alikuwa nacho kidogo mno, pengine maneno ishirini. Mimi nilikuwa darasa la nne, nilikijua vizuri tu. Lakini darasa zima lilikuwa limenicheka niliposoma kwa sauti, nami nikajiapiza nisifungue mdomo mbele ya watu mpaka sentensi iwe imenyooka kichwani.

Siku hiyo mama aliinama kuchagua maharage ya mbegu, akaniachia mkono wa Odilia. Nikauachia na mimi, sijui kwa nini. Tulipogeuka hakuwepo. Stendi ilikuwa hatua chache kutoka hapo, na basi la Mwanza lilikuwa likipiga honi ya kuondoka.

"Waambie!" mama aliniambia kwa Kihangaza. Nikaanza kuipanga sentensi. Nianze na samahani? Nianze na salamu? Wakinicheka je? Mama hakunisubiri. Alimwendea muuza dagaa, kijana wa umri wa mwanawe, akamwamkia yeye: "Shikamoo!" Watu wakaangua kicheko, nami nikatamani ardhi inimeze. Ila kwa kucheka walikuwa wamesimama, wanamtazama, na mama hakuipoteza nafasi hiyo. "Mtoto yangu! Hapa, hapana!" Akaonyesha kimo kwa mkono. Akavuta pindo la kitenge chake, maana gauni la Odilia lilishonwa kwa kipande kilichobaki. "Gauni, hii! Hii!" Kisha akakimbia hatua fupi fupi, mikono juu, vilevile Odilia alivyozoea kukimbia. Kicheko kikakatika. Kijana akapaza sauti kwa Kisukuma, mwanamke wa nyanya akaipokea, na habari ikaruka meza kwa meza kutuzidi mbio.

Odilia alikutwa mlangoni mwa lile basi, ameshikwa mkono na mwanamke mmoja wa Kisukuma aliyekuwa akiwauliza abiria mtoto ni wa nani. Mama alisema "asante" labda mara kumi, kwa kuwa hakuwa na neno kubwa zaidi. Njia nzima ya kurudi hakunikemea. Afadhali angenikemea.

Siku hizi watoto wa Nyantakara wanaongea Kiswahili bila hata kufikiri. Mimi Kiswahili ndiyo kazi yangu: watu huniletea barua zao za ofisini nizisahihishe. Mama amezeeka na maneno yake machache, na sijaona mtu aliyeshindwa kuelewana naye. Mimi, na Kiswahili changu chote, kwenye mikutano hoja hunipita nikiwa bado naipanga sentensi. Odilia sasa ana watoto wake, na hupenda kuwasimulia kisa kile, akimwigiza mama mpaka washike mbavu. Hufika mwisho akawaambia kwamba mama na mimi ndio tuliomwokoa, mama kwa mikono na mimi kwa Kiswahili cha shule. Kila mara nataka kumweleza ukweli, na kila mara natafuta kwanza namna nzuri ya kuusema.