Bastola Niliyoipaka Alizeti

Kaka yangu wa tumbo moja yuko hai leo kwa sababu ya ubishi wangu. Na kwa ubishi huohuo, huu ni mwaka wa pili hanisemeshi.

Niiteni Edo. Nina kinu cha kukamua alizeti hapa Unyambwa, pembeni ya mji wa Singida. Majambazi walimkata mapanga jirani yangu mchana kweupe, nikasema mimi siendi hivyo. Nikafuata taratibu, nikahojiwa mpaka nikachoka, kibali cha bastola kikatoka.

Ikabaki kuchagua. Nikampigia kaka Alute.

Alute alikuwa askari wa wanyamapori kule Rungwa miaka ishirini na sita. Sasa amestaafu, anafuga nyuki hukohuko. Hana maneno mengi, na hayo machache yanauma.

"Shikamoo kaka. Nataka ndogo, ya kutembea nayo kila siku, isionekane kiunoni."

"Marahaba. Chukua nyeusi, nene kidogo, yenye sura mbaya. Hizo hata zikiingia mchanga zinalia. Vile vidogo vinavyong'aa ni vya kupigia picha."

Wakuu, nilipofika dukani Dar macho yalienda kwenye kale kadogo kanakong'aa. Kanalala kiganjani kama kifaranga. Nikakachukua.

Nilipomtumia picha, Alute alicheka. "Umenunua hereni, Edo."

Neno lile lilinikaa kooni. Nikaapa iko siku atalimeza.

Muuzaji alitaka kuniongezea kichupa cha mafuta ya bunduki. Nikakataa. Mtu wa Singida unamuuzia mafuta? Sisi alizeti tunapaka kila kitu: miguu, bawaba za mlango, hata cherehani ya mama, ambayo ilikuwa inakwama kila mwaka na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Basi kila Jumapili nikitoka kanisani nakafuta na alizeti ya kinu changu, iliyochujwa mara mbili. Mke wangu Winfrida akawa ananicheka. "Iko siku utakakaanga."

Kumbe alizeti ikikaa kwenye chuma inaganda, inakuwa gundi.

Ilikuwa mwezi wa nane, saa saba mchana, upepo wetu ule wa vumbi unapiga mabati. Vijana wa kinu walikuwa wameenda kula. Akaingia mtu: kofia ya pikipiki, kitambaa usoni, koti refu. Kama alibisha hodi, sikusikia. Akaja moja kwa moja, mkono unaingia ndani ya koti.

Nikachomoa, nikakoki, nikalenga kifua, nikabonyeza.

Ka.

Hakuna kitu. Yule mtu akasimama, akashusha kitambaa. "Edo, ni mimi."

Nikabonyeza tena.

Ka.

Alute akatoa mkono kwenye koti taratibu. Ameshika kichupa cha mafuta ya bunduki.

"Winfrida aliniambia unaipaka alizeti. Nikaona utakufa nayo mkononi. Nimesafiri tangu jana."

"Kaka, nilidhani jambazi..."

"Ilete."

Akakaa juu ya gunia la mashudu, akaifungua, akaifuta kwa kitambaa chake. Ilitoka gundi ya njano. Akaipaka mafuta aliyokuja nayo, akatoka nje, akapiga risasi moja ardhini. Kuku wa jirani wakatawanyika.

Akarudi. Akaniwekea mkononi, kisha akasimama palepale aliposimama mwanzo.

"Sasa inalia. Jaribu tena."

Mkono ulikataa kunyanyuka. Nilikuwa nalia kama mtoto, na yeye ananitazama tu.

"Ya kwanza nakusamehe, uliogopa. Ya pili nilikuwa nimeshafunua uso. Ya pili ilikuwa ya nini?"

Akavaa kofia yake, akaondoka bila hata kunywa maji.

Mama alipofariki tulikutana kaburini. Koleo lilizunguka mkono kwa mkono. Nilipomnyooshea Alute, hakulipokea. Aliinama akachota udongo kwa viganja.

Ukoo mzima unajua nilichanganyikiwa kwa hofu. Polisi nilikorudisha silaha niliandika hivyohivyo. Humu hamnijui, ngoja niseme ukweli.

Ile ya pili nilikuwa nimemwona, nimemwona vizuri kabisa. Sikuwa na hofu tena, nilikuwa na aibu. Hereni yangu imekataa kulia mbele yake. Nilitaka ilie, basi.

Somo ni hili. Ukitafuta bastola ya kutembea nayo, msikilize anayezijua, na uipake mafuta yake. Lakini kama huwezi kuvumilia kuchekwa, nunua jembe ukalime.

Maana ningemsikiliza kaka nikachukua ile nyeusi, leo ningekuwa na bastola nzuri, na yeye angekuwa amelala pembeni ya mama.