Ungo Chini ya Kasuku

Enzi zetu huko kijijini Sapiwi, habari iliingia nyumbani ikiwa imepita vinywa kumi, na kila kinywa kilikuwa kimeiongezea chumvi. Kwa hiyo nitatenganisha mambo mapema. Niliyoyaona kwa macho yangu ni haya: kasuku, kinyesi chake, ungo, na hofu usoni mwa bibi yangu. Niliyoyasikia nitayaita maneno ya watu, na msomaji ayapime mwenyewe.

Nimekumbushwa hayo na mjukuu wangu, mtumishi wa ofisi moja mjini Bariadi. Anafuga kasuku, na ndege huyo akitolewa tunduni huchafua makochi. Mjukuu wangu ameuliza kwenye simu namna ya kumzoesha choo, akajibiwa na watu chungu nzima asiowajua. Mimi niliyeketi naye meza moja hakuniuliza. Vijana wa leo humwamini yeyote, mradi hawamwoni. Ningemwambia kwamba kazi hiyo niliifanya nikiwa darasa la tatu, na kwamba niliifanya nikitetemeka.

Bibi, mzaa baba, aliishi nasi. Macho yake yalikuwa mekundu, na sababu naijua kwa kuwa nilishinda naye jikoni: kuni zilikuwa haba, akapikia samadi kavu ya ng'ombe, na moshi wake huunguza macho kama pilipili. Humo ndimo alimotupikia michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, tukavila na karanga huku tukigombania vilivyoganda chini ya chungu. Kasuku aliletwa na mfanyabiashara mmoja wa Bariadi ambaye bibi alimzalisha mkewe salama. Bibi akamwita Ngosha, yaani mwanamume, kwa sababu, alisema, tangu babu afariki nyumba ilikosa mtu wa kufoka. Ngosha alijua neno moja tu, salamu yetu ya asubuhi: "Mwangaluka!" Aliitoa hata jua likizama.

Mchana alitembea nje ya tundu. Alichafua vigoda, alichafua mtungi, na msimu wa mavuno alichafua pamba tuliyoirundika sebuleni. Pamba yenye madoa huitwa fifi, daraja la chini, na mama alishinda akiichambua huku akisema, "Mama, huyu ndege wako ana fifi yake mwenyewe. Tumpeleke naye akapimwe." Bibi alicheka hadi akajifuta machozi. Sikumbuki kicheko chake kingine baada ya hicho.

Asubuhi moja jirani yetu, mzee Masanja, alikuja kuazima shoka. Ngosha akaruka begani pake, akasema "Mwangaluka," akaachia. Mzee alijifuta kwa jani, akamtania bibi kwamba mwanamume wake hana adabu, akaondoka na shoka. Hilo nililiona. Siku ya tano tulimzika. Hilo nalo nililiona, kwa maana nilisimama kaburini. Mzee huyo alikuwa akikohoa tangu masika. Lakini mama alirudi kisimani na ndoo nusu, akasimulia maneno ya watu: ndege wa kikongwe mwenye macho mekundu humsalimu mtu, humtia alama, kisha mtu hufa.

Kwetu, macho mekundu yalihesabiwa alama ya uchawi, na kikongwe mwenye macho hayo hakuhitaji kosa jingine ili auawe. Wenzangu wa mpira wa matambara waliacha kuja uani kwetu. Waliopita njiani walikaza mwendo. Baba akataka kumnyonga ndege, bibi akamshika mkono.

"Ukimuua, mwanangu, watasema nimeficha kidhibiti. Mwache aishi, ila asimguse mtu tena."

Kazi ya kuhakikisha hamgusi mtu niliitwaa mimi. Nilimchunguza siku nzima. Alfajiri, kabla ya kula, hutoa kinyesi kikubwa cha usiku kucha. Kisha kila amalizapo kula. Kisha kila baada ya muda wa kumenya kikombe cha karanga. Kabla ya kuachia hurudi nyuma hatua moja, huchuchumaa, huinua mkia. Nilipoiona dalili hiyo nilimbeba upesi hadi kwenye kijiti nilichokisimika pembeni, nikasema, "Weka!" Akiweka hapo, alipata karanga. Akikosea, nilifuta na kunyamaza, kwa kuwa niligundua kwamba akifokewa huogopa, na akiogopa huachia papo hapo alipo. Chini ya kijiti nilitega ungo chakavu uliojaa majivu, maana majivu hunyonya unyevu na kukata harufu.

Hapo ndipo nilipokosea. Mwanamke mmoja alikuja kuomba moto, akachungulia mlangoni. Aliona kikongwe mwenye macho mekundu, ndege anayesema, ungo, na majivu yenye madoa meupe. Kila mtoto wa kwetu ameambiwa kwamba wachawi husafiri kwa ungo. Mwanamke yule hakuchukua moto. Alitoka kinyumenyume hadi katikati ya uani, akageuka, akakimbia.

Bibi aliutazama ungo, hofu ikamwingia usoni. "Umewapa walichokikosa," aliniambia, bila hasira. Akaliweka chini bakuli la michembe, akayamwaga majivu.

Tuliuchoma ungo. Nikachana kurasa za daftari langu la hesabu, nikazitandaza chini ya kijiti. Nilijua mwalimu angenichapa, na kweli alinichapa; lakini sijapata kusikia mchawi anayefanya kazi na hesabu za kugawanya.

Siku ya tatu wakaja wazee wanne wa kijiji wenye fimbo, kuyaamua maneno hayo, mkubwa wao akiwa mzee Luhende. Bibi alipiga magoti akawaamkia. Mzee Luhende hakuitikia, na kwetu salamu isiyoitikiwa ni hukumu iliyokwisha kuanza.

"Mfungueni huyo ndege," alisema.

Ngosha alitembea sakafuni, akapanda kigoda, akaruka hadi begani pa mzee Luhende. "Mwangaluka!" Ilikuwa alasiri. Wazee watatu walisimama kwa pamoja. Mzee Luhende hakusogea, ila niliona jasho limemtoka juu ya mdomo. Ngosha akarudi nyuma hatua moja. Akachuchumaa.

"Weka!" nilipiga kelele.

Ngosha aliruka hadi kwenye kijiti, akaachia juu ya hesabu zangu, kisha akapinda shingo kunitazama, akidai karanga yake.

"Umemfundisha wewe?" mzee Luhende aliniuliza.

"Ndiyo, babu."

"Na akikataa?"

"Simpi karanga."

Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Mchawi wenu huyo anatumwa kwa karanga." Mmoja akacheka, nadhani kwa kupata pumzi. Ndipo mzee Luhende alipomgeukia bibi, akaitikia salamu aliyokuwa ameiacha sakafuni.

Wazee waliridhika; maneno ya watu hayakuridhika. Kesho yake asubuhi nilimkuta baba kwenye mlango wa bibi, kidole chake kikiwa ndani ya mkato wa panga kwenye mwimo, mti ukiwa bado mweupe. Aliyetuachia onyo hilo simjui, na jina nililotajiwa sitaliandika. Siku hiyohiyo baba alimpandisha bibi katika lori la pamba liendalo Maswa, kwa shangazi.

Leo mjukuu wangu akipata doa kwenye kochi hulalamika hadi saa ya kula, na mimi humwonea wivu kwa udogo wa hofu yake. Sisi tulikuwa na michembe, tulikuwa na uani wa kuchezea, na tulikuwa na bibi. Tulilala tukisikiliza mlango. Kuhusu mwisho wake nimeambiwa kwamba alikufa kwa uzee, na nimeambiwa vingine pia. Sikuwapo, kwa hiyo siapi kwa lolote.

Ninaloweza kuliapia la mwisho ni hili. Alikaa karibu na dereva, tundu mapajani, na nilimpa kurasa zangu mbili za hesabu zilizobaki, akazitandaza chini ya ndege. Lori lilipoanza kutetema, Ngosha alirudi nyuma hatua moja, akachuchumaa; na kupitia kioo niliiona midomo ya bibi ikisema, "Weka."