Sombe Isiyoonjwa

Uji wa Gaudiose ulikuwa na jina pale Mbarara, kwenye chumba cha cherehani cha Mama Mbabazi, wanaposhona sare za shule. Kila Jumatatu alidamka Nakivale, kambi ya wakimbizi, akaja na dumu la bushera, uji wa mtama uliochachuka kidogo. Saa nne, mashine zikinyamaza, aliumimina kikombe kwa kikombe, na kila kikombe alikipiga funda yeye kwanza ndipo akampa mtu. Kwao Burundi hupewi kinywaji mpaka aliyekuletea akionje mbele ya macho yako, ujue hamna kitu ndani. Wenzake walimcheka, wakazoea, mwisho wakawa hawagusi cha mtu asiyeonja.

Kwa hiyo alikuwa mtu pale. Mama Mbabazi alikuwa karibu kufungua chumba cha pili upande wa sokoni, na kila mmoja alijua msimamizi wake atakuwa nani. Gaudiose alishamwambia mumewe Dieudonné. Dieudonné naye, mdomo wake hauna kufuli, alishawaambia majirani.

Ndipo akaja Olga.

Olga alikuwa Mkongo wa Fizi, naye wa Nakivale pia, binti wa kicheko cha karibu. Na mkono wake kwenye kola, we acha tu. Kola ya shati ndiyo humuumbua fundi: ikipinda kidogo, shati zima ni bure. Mama Mbabazi alikuwa na desturi ya kuinua shati la Gaudiose mbele ya wote na kusema, "Namna hii." Wiki ile aliinua la Olga, akasema maneno yale yale.

Roho ilimuuma Gaudiose, tusifichane. Angekuwa msichana mwenye maringo, afadhali, angemchukia kwa haki. Lakini huyu alimwita yaya, dada mkubwa, tena kwa heshima, na hilo lilizidi kumchoma.

Basi Gaudiose akaanza vituko. Olga akapewa mashine ya mlangoni, ile inayokata uzi kila baada ya mshono. Mkasi wake ukapotea, ukaonekana chini ya gunia la vitambaa. Akiuliza, "Makasi yangu iko fasi gani?" Gaudiose alimuigiza kwa kuburuta sauti, "Fasiii gani," na chumba kizima kikacheka. Watu walicheka kwa sababu msimamizi wa kesho akicheka, unacheka.

Siku moja Olga alimfuata kando. "Yaya, miye nilikukosea nini?"

"Wewe? Nani kakusemesha wewe?" Gaudiose akamjibu kwa sauti, ili wengine wasikie. Olga akarudi mlangoni kwenye mashine yake mbovu.

Ijumaa ile binti akajaribu njia ya tumbo. Alileta sufuria la sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa yakaiva kwa mawese, na ugali juu yake. Akaliweka katikati, akafunua, akasema, "Karibuni, bapendwa," huku akicheka, akarudi kufunga mashine. Watu walikuwa wameshanawa mikono.

"Mmemuona akionja?" Gaudiose akauliza.

Hakusema zaidi. Mikono ikasimama. Mmoja akakumbuka yuko kwenye dawa, haruhusiwi mafuta, mwingine akashiba ghafla. Mukarukundo peke yake, mwanamke mlafi asiye na ubaya, alikula, na Jumapili tumbo likamsokota. Huenda ni malaria, huenda ni maembe mabichi, nani ajuaye? Jumatatu alipokosekana, Gaudiose alisema tu, "Watu wa Fizi hao. Mimi niliwaambia." Kufika saa tatu neno lilikuwa limezunguka chumba: Olga ni mrozi, mtia watu sumu.

Olga hakulia. Aliinuka, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Mama Mbabazi, akaeleza yote: mkasi, kucheka, na hili jina la mrozi. Gaudiose alimuona akiingia, na akili yake ikampigia hesabu nzuri: mwenye kazi hamweki mrozi. Akaanza kumimina bushera kwa mkono mwepesi kuliko siku zote.

Mama Mbabazi alikulia kambi ya jeshi ya Makenke, baba yake alikuwa askari, na Kiswahili chake ni cha kambi, hakina kona. Katika maneno yote ya Olga alikuwa amesikia moja tu, sumu. Alitoka, akaenda hadi kwenye dumu, akalibeba mpaka mlangoni, akalimwaga mtaroni.

"Kutoka leo, chakula ya Nakivale hapana ingia hapa."

"Mama, hiyo ni yangu," Gaudiose akasema. "Yule ni Mkongo. Mimi ni Mrundi."

"Mrundi, Mkongo, yote natoka Nakivale. Na kule sokoni naweka mtoto ya dada yangu. Nyinyi iko na maneno mingi."

Watu walivitua vikombe vyao polepole. Uji ulikuwa umeshaonjwa na mwenyewe, lakini hakuna aliyemalizia. Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Gaudiose alisimama na kata mkononi, asijue aiweke wapi.

Mchana wenzake walikwenda kununua chapati, na hakuna aliyemwita. Alikaa nyuma ya chumba, juu ya tofali, akiwaza atamwambia nini Dieudonné, na Dieudonné atawaambia nini majirani. Olga akaja na bakuli lake, akaketi tofali la pili. Akanawa. Akakata tonge, akalichovya kwenye sombe, akala, akimtazama Gaudiose machoni mpaka akameza. Kisha akalisogeza bakuli.

"Minajua ni weye njo ulisema," akasema. "Mashine ya mlango, kesho utaikalia weye, miye nitakamata yako. Sasa kula, yaya."

Gaudiose alinawa. Njaa ilikuwa inauma, akala. Ilikuwa sombe tamu, tamu kuliko aliyowahi kuipika yeye maishani mwake, na tonge likiwa bado mdomoni aliuhisi wivu ukimpanda upya, kwa sababu yeye, angekuwa mahali pa Olga, asingesogeza bakuli.