Kola Sitini kwa Saa

Kiwandani walimwita Cherehani, na jina hilo alilibeba kama cheo. Kwa miaka tisa alikuwa akishona kola za mashati kwenye mstari wa tatu, na kwa wepesi wa mkono hakuwa na mpinzani. Mumewe alimtania kwamba hata usingizini mguu wake unakanyaga, iko siku ataamka akute shuka lina kola. Waliishi chumba kimoja chenye pazia katikati. Upande wa pili alilala wifi yake, dada mdogo wa mumewe, mwenye mimba ya miezi mitano na mume aliyekwenda kutafuta kazi akapotelea huko huko. Cherehani ndiye aliyemtafutia nafasi pale kiwandani na kumfundisha kushika kitambaa kisijikunje.

Asubuhi moja msimamizi alimjia mezani na saa ya kuhesabia sekunde. Nyuma yake watu wawili walibeba feni na kiti chenye mto. Akamwambia kuna wageni wanaotaka kuona kazi safi, hivyo ashone saa nzima kwa nguvu zake zote. Vitambaa alipangiwa, uzi alibadilishiwa, hata maji alinyweshwa ili mkono usitoke kwenye kazi. Kichwa kikamvimba. Akashona kufa na kupona, na saa ilipokwisha alikuwa ametoa kola sitini na mbili. Wageni walimpigia makofi. Alipewa kipande cha sabuni, na picha yake ikabandikwa ukutani karibu na mlango wa choo.

Jumatatu yake tangazo likasomwa. Kiwango kilichokuwa kola arobaini kwa saa sasa kilikuwa sitini, kwa kila mtu. Feni na kiti vilikuwa vimesharudi ofisini. Asiyefikisha angebaki jioni mpaka amalize, na muda huo haulipwi.

Wanawake wa mstari wa tatu wakaacha kunywa maji ili wasihitaji kwenda haja. Wakaacha pia kumsalimia Cherehani. Yeye mwenyewe alifikisha sitini kwa kuuma meno na kuacha kula mchana.

Wifi yake hakuweza. Siku moja aliomba kwenda choo mara ya pili, na msimamizi akamwonyesha picha ukutani.

"Muulize wifi yako siku ile alikwenda mara ngapi."

Akarudi kukaa. Katika kukimbilia kufidia, sindano ikamwingia kidoleni ikatokea upande wa pili, damu ikarukia kola nyeupe. Msimamizi aliikagua kola kwanza. Kabla ya saa sita unga wa yule wifi ulikuwa umemwagika, na bei ya shati zima ikakatwa kwenye ujira wake wa mwisho.

Jioni Cherehani alimkuta kitandani, kidole kimefungwa kitambaa.

"Hivi walikupa nini, wifi?"

"Sabuni."

Wifi akacheka kicheko kikavu, akageukia ukuta.

Kesho yake Cherehani alipiga moyo konde akaenda ofisini. Alimweleza msimamizi kwamba siku ile alikuwa na feni na watu wa kumshikia vitambaa, na kwamba hakuna binadamu wa kushona vile kutwa.

"Mbona wewe unafikisha?"

"Nafikisha kwa sababu sili, bosi."

"Basi inawezekana," alisema, akarudi kwenye karatasi zake.

Ndipo Cherehani akapata wazo. Kwenye bomba la kunawia mikono aliwafuata wenzake mmoja mmoja, akawanong'oneza kwamba kuanzia Alhamisi wote washone arobaini tu, maana kiwanda hakiwezi kufukuza mstari mzima wakati mzigo unasubiriwa. Walimsikiliza, wakaitikia kwa kichwa.

Alhamisi akashona arobaini. Mikono ilimwasha kwa kutaka kukimbia, akaizuia. Lakini mashine za kushoto na kulia kwake zilinguruma kuliko siku zote. Hakuna aliyemwamini. Walidhani ametumwa kuwatega, na aliyekaa jirani yake alikuwa ameshawahi ofisini alfajiri kumshtaki kabla hajashtakiwa yeye.

Msimamizi hakumfokea. Alimhamishia kwenye meza ya kukata nyuzi, kazi ya kusimama kutwa kwa nusu ya ujira, na kiti chake akapewa yule jirani. Cherehani alipouliza kwa nini asifukuzwe tu, alijibiwa kwa upole.

"Ukiondoka watakusahau. Nataka wakuone."

Wakawa wanamwona kila siku. Walipopeleka mashati mezani pake waliyatupa bila kumtazama, naye akakata nyuzi mpaka macho yakaanza kuona maji maji.

Miezi ya mimba ilipokaribia kutimia, wifi alihamia kwa shangazi yake bila kuaga. Mume wa Cherehani ndiye aliyeleta habari kwamba amejifungua mtoto wa kike, ana afya, na kwamba mama mtoto ameomba Cherehani asiende kumwona. Cherehani aliuliza uzito wa mtoto. Mumewe hakuujua.