Nilivyojipaka mafuta ya ufuta, nikaenda harusini Mnero nanukia kashata

Wakuu, habari za muda huu. Na nyie mnaosoma kimya kimya bila kuingia na akaunti zenu, nawaona, habari zenu pia.

Naleta kisa changu mwenyewe. Sio cha rafiki yangu, sio cha jirani, wala sio chai ya kutunga. Anayetaka chai akachemshe kwake, mimi hapa nasema kilichonipata.

Mimi ni mkulima wa Nkowe, Ruangwa. Nina mikorosho, nina shamba la ufuta, nina mke. Binti yetu Neema yuko shule ya bweni, kwa hiyo nyumbani tumebaki wawili, mimi na Mama Neema.

Sasa msimu wa kupulizia mikorosho ukianza, wenzangu wa huku mnaujua. Unatoka alfajiri kabla upepo haujaamka, bomba mgongoni, ule unga wa salfa unaupuliza juu na wenyewe unakurudia usoni. Baridi ya mwezi wa saba nayo haina huruma. Ngozi inakauka mpaka unaweza kuandika jina lako pajani kwa kucha, na likasomeka vizuri tu.

Mafuta? Huku kwetu mwanaume mzima akionekana anang'aa siku ya kazi anaulizwa anaoa lini. Kwa hiyo mimi nilikuwa naoga, najifuta, navaa, basi.

Kasheshe lilianza na mashuka.

Mama Neema alinunua mashuka mapya mnadani, meupe yenye maua ya zambarau. Aliyafua, akayapiga pasi, akatandika kama anampokea mgeni. Hayakumaliza hata wiki, moja likachanika upande wa miguuni. Upande wangu.

Alilishika lile shuka, akalinyanyua juu dirishani, mwanga ukapita kwenye tundu.

"Baba Neema, hiyo sio miguu. Hiyo ni misumeno."

Jioni yake nikakuta kaviringisha blanketi zito, kalilaza katikati ya kitanda kuanzia kichwani mpaka miguuni. Nikauliza hii nini tena.

"Mpaka. Ukitaka kuvuka, njoo na ngozi ya binadamu."

Nilicheka sana. Wakuu, siku ya kwanza nilicheka.

Baadaye sikucheka tena. Niseme tu ukweli, maana humu hatujuani: nilimkosa mke wangu na yuko hapo hapo, mkono mmoja tu kutoka kwangu. Sisi tumezoea kulala tunapiga stori, mguu wake juu ya wangu, mpaka mmoja anakoroma katikati ya sentensi. Sasa stori unampigia mtu aliye ng'ambo ya blanketi, hainogi. Unamsikia anajigeuza, unajikausha. Nilitaka lile blanketi liondoke, na nilitaka liondoke kwa halali, sio kwa kubembeleza.

Ndipo nikaingia kwenye simu kutafuta elimu.

Nikakutana na video ya dada mmoja wa Dar, ngozi inang'aa kama sufuria jipya, anaeleza "luxury body care routine" yake, yaani anavyoutunza mwili kifahari kila siku. Kwanza skrabu. Halafu sabuni ya maji. Halafu body oil. Juu ya body oil losheni, juu ya losheni kuna kitu kingine kizito kama siagi, halafu mwisho anajipulizia manukato na kusema kila mtu awe na harufu yake ya kipekee. Nikawaza, huyu akimaliza kuoga si unakuwa umefika muda wa kuoga tena?

Lakini nikaenda dukani Ruangwa mjini.

Dada wa duka akaniuliza, "Ni zawadi?"

Nikaona aibu, nikasema ndiyo.

"Shemeji ngozi yake ikoje?"

Nikajikuta naielezea ngozi yangu. Kavu, ngumu, magoti meusi, visigino vimepasuka, vinachana mashuka. Yule dada akaacha kupanga chupa zake, akanitazama kwa huruma kabisa.

"Pole sana kaka yangu."

Nikashukuru, nikatoka bila kununua kitu. Ila kabla sijatoka nilikuwa nimeshageuza kichupa kimoja kidogo, nyuma kimeandikwa sesame oil. Wakuu, si ndio ufuta huu huu? Mimi nina magunia ya ufuta ndani, nalala nayo chumba cha pili, halafu nikanunue kichupa kilichotoka ng'ambo? Nilirudi Nkowe napiga mluzi juu ya bodaboda.

Bahati nzuri, au mbaya mtasema wenyewe, Mama Neema alikuwa ametangulia kwao Mnero, upande wa Nachingwea. Mdogo wake wa kiume alikuwa anaoa, na yeye ni dada mkubwa, harusi haiwezi kwenda bila yeye. Mimi nilitakiwa nifike siku yenyewe. Kwa hiyo nyumba ikabaki yangu, jiko langu, kinu changu.

Sasa sikilizeni kosa lilipoingilia.

Huku kwetu ufuta ukitoka kwenye gunia unakwenda kwenye kikaango. Wa kashata unakaangwa. Wa kuungia mboga unakaangwa, halafu unatwangwa. Tangu nazaliwa sijawahi kumwona mama yangu akitwanga ufuta mbichi. Kwa hiyo nami nikakaanga. Nikakaanga mpaka ukawa wa kahawia na nyumba nzima ikanukia, nikatwanga, nikachemsha na maji, nikaengua mafuta yalipopanda juu. Mazuri, mazito, rangi ya asali.

Halafu nikakumbuka ile habari ya harufu ya kipekee. Nikatwanga na iliki, nikatia.

Aliyewahi kupika kashata humu ndani ameshaanza kucheka.

Mimi sikujua. Pua yangu ilishazoea, nilikuwa kwenye moshi ule kutwa nzima. Siku ya harusi nikaamka mapema, nikajisugua miguu na gunzi, nikaoga, nikajipaka kuanzia shingoni mpaka kwenye nyayo. Sikubania. Nikajipaka tena juu yake, kwa sababu yule dada wa video alikuwa anarudia rudia. Nikavaa suti, nikapanda bodaboda, huyo Mnero. Nilijiona bwana harusi ni mimi.

Dereva wa bodaboda njiani akaniuliza kama kwenye begi nimebeba chakula. Nikamwambia hapana. Akaongeza mwendo, ila alionekana hajaniamini.

Tukaingia kanisani. Mimi kama mkwe mkubwa wa nyumba nikapewa nafasi ya mbele, benchi moja na bibi yake Mama Neema. Huyu bibi Kiswahili anakiongea kidogo na Kimwera sana, lakini utani wake anaufikisha kwa lugha yoyote. Na mnajua utani wa bibi na mume wa mjukuu. Mimi kwake ni mume wake, na mjukuu wake ni mke mwenza.

Misa ikaanza. Bibi akanusa. Akageuka nyuma, akanusa. Akafungua mkoba wake, akaangalia ndani, akafunga.

Watoto wa benchi la nyuma nao wakaanza kuulizana. Nasikia, "Nani anazo?" Mwingine anasema, "Atagawa tukitoka."

Hapo nikaanza kuhisi jambo, lakini nikajipa moyo kwamba pengine kuna mama kaja na kashata zake za biashara.

Tulipofika nyumbani kwa wakwe, tukakaa chini ya turubai, nikavua koti kwa sababu ya jua. Lo! Jua likayapasha yale mafuta vizuri. Inzi wakaja na ukoo wao. Mtoto wa shemeji yangu, kabinti kanajifunza kutembea, kakaja kakanishika goti, nikakapakata. Kakanitazama. Kakanusa mkono wangu.

Kakaulamba.

Kakaulamba tena, kakacheka, kakaita mama yake aje.

Bibi alikuwa amekaa pembeni yangu, anaangalia yote hayo. Akapiga makofi.

"Mume wangu! Mimi natafuta kashata tangu kanisani, kumbe nimekaa nayo benchi moja!"

Wakuu, turubai zima lilicheka. Mashemeji waliinama wakishika matumbo. Mama mkwe wangu, ambaye kwa heshima ya kwetu hata kunitazama usoni hanitazami, alijifunika khanga kichwani akageukia ukuta wa nyumba. Nikaona mabega yake yanatikisika. Hapo ndipo nilipojua imekwisha.

Bibi hakuniachia. Akaniuliza kama kwetu Nkowe wanaume wanaoga kwanza au wanakaangwa kwanza.

Mama Neema alitoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuangalia kelele za nini. Akafika, akanusa, akanikamata mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba kwenye mapipa ya maji.

"Baba Neema, umejipaka nini?"

"Mafuta ya ufuta."

"Ulikaanga?"

"Sasa ningefanyaje?"

"Na iliki ukatia?"

Nikatazama mapipa. Aliketi chini pale pale kwenye udongo na nguo yake ya sherehe. Alicheka mpaka machozi, akajaribu kuongea akashindwa, akacheka tena. Mimi nimesimama, inzi wananizunguka, najisikia mjinga kuliko mtu yeyote wilaya zote mbili.

Halafu akafuta macho, akaniuliza kwa sauti ya kawaida, "Lakini ilikuwa ya nini yote hii?"

Ningeweza kutania. Nikashindwa. Nikamwambia nataka lile blanketi litoke. Nikamwambia nimechoka kulala peke yangu kwenye kitanda cha watu wawili.

Akasimama, akakung'uta udongo kwenye nguo.

"Baba Neema, mimi si nilikuwa natania tu? Nilikuwa nangoja useme."

Yaani watu wazima, wakuu. Yeye anangoja niseme, mimi natwanga iliki.

Alinichotea maji, akanipa sabuni ya kufulia, akasimama mlangoni mwa bafu la makuti kuwazuia watu wasije kuchungulia. Bado mchana wote nilinukia kidogo, na mashemeji zangu mpaka leo wakinipigia simu wanaanza na "Kashata, hujambo?" Nimeshaizoea, naitika.

Tuliporudi Nkowe alinionyesha utaratibu wake, na ndio ninaofuata mpaka sasa. Naueleza hapa kwa sababu najua wengi mna misumeno mnaificha kwenye soksi.

Ufuta mbichi, haupiti jikoni. Unapepetwa, unapelekwa kwenye mashine ya kukamua, mafuta yanatoka mepesi na hayana kelele za harufu. Jioni tunachemsha maji na majani ya mchaichai kutoka nyuma ya choo, yanapoa kidogo, unaoga taratibu. Dodoki tunalo kwenye ua, linajiotea lenyewe, tulikuwa tunaliacha likauke likaanguka. Visigino unaloweka kwanza ndipo unasugua kwa jiwe, na sio kila siku maana hutengenezi barabara. Ukitoka usijifute ukakauka kabisa. Mwili ukiwa bado na unyevu unyevu unatia mafuta kidogo kiganjani, unapaka, unavaa nguo ya pamba. Basi. Hakuna cha siagi wala cha kujipulizia.

Ni kitu kidogo, lakini nawaambia, mtu aliyeshinda na bomba la salfa mgongoni akimwagiwa maji ya mchaichai anajiona waziri.

Blanketi lilirudi kwenye kazi yake ya kufunika watu. Stori za kulala zimerudi. Sitaongeza hapo, humu kuna watoto.

Lakini kilichonifanya nianzishe uzi ni cha juzi.

Nilikuwa nimeshajipaka, kichupa kiko mkononi, Mama Neema kakaa kitandani anajikunja kutafuta mwiba kwenye unyayo. Nikamwambia leta huo mguu. Akasema niache utoto. Nikauvuta, nikauweka mapajani. Mwiba nikautoa. Na kwa sababu mafuta nilikuwa nayo, nikaanza kumpaka.

Wakuu, visigino vyake vimepasuka kuliko vyangu. Mtu huyu analima na mimi, anaokota korosho na mimi, halafu anapika mimi nikiwa nimeketi. Sikuwa nimewahi kuishika hiyo miguu hivyo.

Alinitania mwanzoni. "Angalia usije ukaniwekea iliki." Halafu nikaona ameegemea ukuta na amefumba macho.

Nikamuuliza kama namuumiza.

"Hapana," akasema. "Nawaza tu. Mara ya mwisho mtu kunipaka mafuta, nilikuwa natolewa unyagoni."

Mnajua siku ile mwali anavyotolewa. Anaogeshwa, anapakwa mafuta mwili mzima, anang'aa, anashangiliwa na kina mama wote. Alikuwa binti mdogo kuliko Neema wetu alivyo leo. Na tangu siku ile, kazaa, kalea, kauguza wazazi wangu mpaka wakaondoka duniani, kawapaka mafuta watu wote wa nyumba hii, na hakuna hata mmoja aliyempaka yeye.

Nilishika mguu wa pili, nikaanza na kidole kidogo.

Funzo mtachukua wenyewe. Langu la kwanza, ufuta wa kujipaka haukaangwi. La pili, ukishapata hayo mafuta yako mazuri usiyamalizie mwilini mwako.

Haya, komenti zenu nazisubiri. Mnaotaka kucheka chekeni, bibi kawatangulia. Ila kila atakayekomenti aanze kwa kujibu: mama yako, au mkeo, mara ya mwisho alipakwa mafuta na nani? Kama hujui, weka simu chini ukamuulize kwanza, sisi tutakusubiri.

Mimi natoka kidogo nikaweke maji jikoni. Leo anaanza kuoga yeye.